Aliyepona asiandikwe mgonjwa

Jirani yangu wa hapa Ntalikwa, mkoani Tabora, alimaliza dozi ya kifua kikuu, miezi sita bila kuruka siku, na kadi yake ikaandikwa "Amepona". Ni kweli alipona. Ila pafu lilibaki na makovu, na kila mabani ya tumbaku yanapowashwa hukohoa mpaka ashike mti. Mwaka jana alikwenda kituo cha afya. Kitabuni wakamwandika TB, akaanzishwa dozi upya.

Nimetunza kumbukumbu za hospitali mpaka nikastaafu, kwa hiyo kosa la namna hii najua linapoanzia: kwenye kalamu. Hata mashine ya GeneXpert inaweza kuonyesha kwamba kuna TB kwa sababu tu ya mabaki ya vimelea vilivyokwisha kufa. Kama hakuna aliyeandika kwamba mtu huyu alishatibiwa, majibu yale yatasomwa kuwa ugonjwa mpya.

Wala si kwamba wataalamu hawakulifikiria jambo hili. ICD-10, orodha ya magonjwa ambayo Shirika la Afya Duniani liliipitisha mwaka 1990, imetenga misimbo B90 mpaka B94 kwa ajili ya watu kama yeye. B90 ni madhara yaliyoachwa na kifua kikuu, B91 ni ya polio, B92 ya ukoma. Ya trakoma na mengineyo yako B94. Kwanza unaandika kinachomsumbua mtu leo, kisha unaongeza msimbo wa ugonjwa uliomwachia shida hiyo. Ikiwa njia za hewa za jirani yangu zimeharibika na kutanuka, ataandikwa J47, na kando yake B90.9. Ugonjwa ukiwa bado hai, misimbo hii haiguswi.

Kwenye ukoma ndiko kunakoniuma zaidi. Mkoa wetu unaufahamu. Wamoravian walikuwa na makazi ya waliougua ukoma kule Sikonge. Chukua mama aliyemaliza dawa miaka mingi iliyopita, nyayo zake hazina hisia tena. Akikanyaga kaa la moto jikoni, hajui mpaka asikie harufu. Anafika zahanati na kidonda, na anachohitaji ni kusafishwa na kupata viatu vya soli laini. Ukimwandika "Ukoma", aliye nyuma yake kwenye foleni anachungulia, na kufika jioni mtaa mzima umejua. Ukimwandika "Kidonda" ukaishia hapo, wilayani hawatajua kamwe kwamba huku kuna watu wanaohitaji viatu.

Enzi za misafara ya Bagamoyo na Ujiji, ndui ilipita hapa Unyanyembe ikaacha vipofu na nyuso zenye makovu. Hakuna aliyewahesabu, kwani nani alikuwa na daftari? Sisi tunayo. Vitabu vya MTUHA, vya taarifa za huduma za afya, vimejaza makabati.

Najua wauguzi watanijibu kwamba foleni ni ndefu na mhudumu ni mmoja. Sawa. Wa zahanati simwombi akariri herufi na namba. Aandike "baada ya kifua kikuu" au "baada ya ukoma", na mwenye kazi ya misimbo atamalizia. Lakini taarifa ya mwezi isipokuwa na mstari wa watu hawa, maneno hayo yataishia kwenye "magonjwa mengine", na huko hakuna anayetafuta kitu.

Wizara ya Afya iuweke mstari huo sasa, wakati vituo vinahama kutoka vitabu kwenda kwenye kompyuta. Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ni ya mwaka 2023, na huwezi kupanga kitita cha huduma kwa watu usiojua idadi yao. Nawe msomaji, kama kwenu yupo aliyemaliza dozi ya TB au ya ukoma, kadi yake ya matibabu isitupwe. Aende nayo kila anapoitwa chumba cha daktari, na kabla hajatoka aulize ameandikwa nini.