Mtaa wa Sifa, na Mzee Langoni

Juma hili nataka kusema habari za kuhamia mtaa wenye sifa katika mji mkubwa, kwa kuwa mambo hayo nimeyaonja mwenyewe, na somo lake nililipata kwa aibu. Aibu ikifichwa haimfai mtu. Ikisimuliwa, huenda ikamfaa mwenziwe.

Mimi ni karani wa serikali hapa Nairobi. Kwa muda wa miaka sita nilikaa Umoja, upande wa mashariki, pamoja na mke wangu, ambaye ni muuguzi, na mtoto wetu mmoja. Kila siku tuliamka saa kumi ya alfajiri ili tupate matatu kabla ya barabara kujaa motokaa. Basi mwaka jana tukahamia Kilimani, upande wa magharibi, karibu na hospitali anakofanya kazi mke wangu. Sababu hiyo ilikuwa njema. Lakini sitawaficha kwamba palikuwa na sababu ya pili: nilipenda kulitaja jina la mtaa ule. Mtu akiniuliza, "Bwana, wakaa wapi siku hizi?" nilimjibu "Kilimani" kwa sauti kubwa kidogo kuliko ilivyohitajiwa.

Mtaa huo una historia yake. Nairobi ilianza mwaka 1899 kama kambi ya reli, na katika siku za ukoloni mji uligawanywa kwa rangi za watu. Wazungu walikaa pande za magharibi na kaskazini, penye vilima na hewa nzuri. Wahindi wengi walikaa Ngara, Pangani na Parklands. Nao Waafrika waliwekwa mashariki, mahali kama Pumwani, Shauri Moyo na Kaloleni. Kilimani ya siku zile ilikuwa na nyumba moja moja, kila nyumba katikati ya bustani kubwa. Siku hizi nyingi za nyumba hizo zimevunjwa, na mahali palipokaa jamaa moja pamesimama jumba la orofa nyingi lenye jamaa mia. Wakaao humo ni watu wa kila kabila na wa mataifa mengi. Kuna mikahawa, maduka makubwa, na taa zisizozimwa usiku kucha. Ndiyo maana vijana husema kwamba huko ndiko mjini.

Kwanza niseme juu ya fedha, maana wengi hutazama kodi peke yake. Kule Umoja nililipa shilingi 13,000 kwa mwezi. Kilimani, kwa nyumba yenye chumba kimoja cha kulala, nalipa shilingi 42,000. Siku ya kuingia nilitakiwa kodi ya mwezi wa kwanza, na amana ya kiasi hicho hicho, na shilingi 3,500 za ulinzi na usafi. Lori la kuhamisha vyombo likachukua shilingi 6,000. Jumla yake ni shilingi 93,500, kabla sijanunua hata pazia moja. Kwa miezi mitatu fedha niliyokuwa nikimpelekea Baba ilipungua, naye hakuniuliza neno.

Kisha kuna habari ya maji. Maji mengi ya Nairobi hutoka katika bwawa la Ndakaini, kule Murang'a, nayo hayawatoshi watu wote wa mji, ambao katika hesabu ya mwaka 2019 walikuwa 4,397,073. Kwa hiyo mitaa hugawiwa maji kwa zamu, wala mtaa wa sifa hausamehewi. Jumba letu lina kisima kirefu kilichochimbwa kwa mashine. Lakini maji ya visima vingi vya Nairobi yana floridi nyingi, ambayo huharibu meno ya watoto wadogo. Ikatubidi kununua maji ya kunywa. Hakuna aliyenidanganya katika jambo hili. Mimi ndimi niliyekuja kuitazama nyumba mchana, nikaisifu lifti na vigae, nisiulize bomba hutoa maji siku ngapi kwa juma.

Hayo yote ni hasara ya mfuko, nayo hulipika. Sasa nawaeleza ile isiyolipika kwa fedha.

Tulikuwa tumekaa mtaani miezi minane. Baba yangu, ambaye ni mkulima wa chai na ndizi huko Vihiga, alipanga kuja kututembelea, nami nikamwambia nitampokea kituoni siku ya Jumapili. Yeye alipata nafasi katika basi la Ijumaa usiku, akaja siku moja mbele. Simu yake ilizimika njiani. Lakini jina la jumba letu alikuwa ameliandika katika karatasi, na kwa kuuliza uliza akafika langoni saa moja ya asubuhi, amebeba mkungu wa ndizi na jogoo. Mke wangu alikuwa kazini, nami nilikuwa nimemchukua mtoto kwenda kumnunulia viatu katika soko la Toi.

Askari wa lango alimsalimu kwa heshima, akamwomba kitambulisho, akamwuliza, "Mzee, unakwenda nyumba namba ngapi?" Baba hakujua namba. Akataja jina langu, kisha jina la baba yake, ambalo nimepewa mimi, kisha akamweleza sura yangu na kazi yangu. Yule askari akafungua daftari lake, akatafuta, akatikisa kichwa. "Mzee," akasema, "hapa tunajua namba. Mtu wa jina hilo simjui."

Miezi minane, wasomaji! Kila asubuhi nilipita mbele ya askari yule, na kila jioni nilirudi, wala sikuwahi kumwambia jina langu au kumwuliza lake.

Baba akakaa nje ya lango muda wa saa tatu. Aliyemwokoa na jua ni mama mmoja auzaye mboga kando ya barabara. Alimpa kiti chake, yeye akaketi juu ya kreti, akammiminia chai kutoka katika chupa yake. Niliporudi nikawakuta wanazungumza habari za bei ya mbolea kama watu wa kijiji kimoja. Yule mama akanitazama, akasema, "Kumbe huyu ni baba yako! Wewe si ndiye yule apitaye hapa kila siku na vile vidude masikioni? Sikujua kwamba nawe una watu wako." Sikupata jibu.

Jioni ile Baba aliketi kwenye roshani akiutazama mji. Hakunikemea. Alisema hivi: "Mwanangu, babu yako alifanya kazi ya bustani kwa Mzungu katika pande hizi hizi, miaka ya 1940. Alitembea na kipande kikining'inia shingoni, na askari wakikitaka hukitoa. Aliyekitaka alikuwa mgeni, wala babu yako hakutazamia heshima kwake. Mimi leo nimetoa kitambulisho changu bila kinyongo, maana wezi wapo na askari anafanya kazi yake. Lakini nimekosa kuingia kwa sababu mwanangu hana jina mahali anapolala." Kisha akauliza, "Hapo mlango wa pili anakaa nani?" Nikamwambia kweli kwamba sijui.

Usiku huo sikulala vizuri. Nilikumbuka Umoja, ambako maji yalikuwa haba na kelele nyingi, lakini mtoto wetu alipougua usiku, jirani alituamshia mwenye motokaa bila kuombwa mara mbili. Kilimani, je, ningegonga mlango wa nani?

Basi kesho yake tukatoka, Baba na mimi, tukiwa na ndizi mkononi, tukagonga milango minne ya orofa yetu. Mmoja haukufunguliwa. Wa pili ulifunguliwa kidogo, mtu akasema ahsante, akafunga. Wa tatu tulimkuta mwalimu mstaafu kutoka Machakos, aliyetuketisha karibu saa nzima. Wa nne ni vijana wawili wafanyao kazi usiku, ambao walicheka kwa furaha, wakasema tangu wahamie hakuna aliyewahi kuwagongea ila mtu wa kudai kodi. Si wote waliotupokea, wala sikutazamia. Watatu wananijua jina, nami nawajua.

Kwa hiyo, ndugu zangu mnaotaka kuhamia mitaa ya namna hii, sisemi msihamie. Mke wangu sasa afika kazini kwa miguu, na mtoto wetu haamshwi gizani; hayo ni manufaa ya kweli. Lakini kabla ya kutoa amana, yafaa kuuliza habari za maji, na kuitazama nyumba usiku pia, na kusoma kila ukurasa wa mkataba, na kuchukua risiti. Hesabu zenu zianze na fungu la wazee mashambani, si limalize. Tena juma la kwanza, kabla ya kutundika mapazia, mwambieni askari wa lango jina lenu, mwulizeni lake, na mpeni majina ya wazazi wenu. Kununua mboga kwa mama wa kando ya barabara ni jambo jema, lakini msalimuni hata siku msiyonunua.

Askari wetu anatoka Kitui, na ana watoto watatu shuleni. Baba atakuja tena mwezi wa Desemba. Jina lake limekwisha andikwa katika daftari la lango, na yule mama wa mboga ameniuliza mara mbili ni siku gani hasa.

Mpaka juma lijalo, kwaherini.