Gololi Haijawahi Kutoweka Angani

Mataifa makubwa yakianza kutunishiana misuli, jedwali lile lile hurudi kuzunguka kwenye makundi ya WhatsApp. Upande mmoja F-22 na F-35 za Marekani, upande wa pili J-20 ya China na Su-57 ya Urusi, na katikati safu ya tarakimu inayodai kupima kila ndege inaonekana kwa ukubwa gani kwenye rada. F-22 imepewa gololi ya chuma, F-35 mpira wa gofu, na Su-57 imeambulia dhihaka. Hapo mchambuzi wa kijiweni hupiga muhuri: gololi haionekani, kisichoonekana hakipigwi, tufunge mjadala.

Mjadala wenyewe haujaanza, ndugu zangu. Hakuna ndege ya kivita isiyoonekana kwenye rada, na haijawahi kuwapo.

Gololi haikutungwa vijiweni. Ilitoka kwa Wamarekani wenyewe miaka ya 2000, na kama tangazo lolote la biashara, ilisema kweli iliyokatwa vipande. Gololi hiyo ni ya ndege inayotazamwa uso kwa uso, tena na rada ya mawimbi mafupi ya sentimita tatu hivi, ile ambayo ndege za kivita hubeba puani. Itazame ubavuni, au kwa mkia, au kwa rada ya mawimbi ya mita mbili, na hesabu inabadilika. Jedwali halisemi lolote kuhusu hayo. Tarakimu ni moja, kana kwamba ndege ni gunia la mchele lenye uzito uleule popote utakapolipima.

Kazi yenyewe ni ya ufundi mkubwa, sikatai. Rada hurusha mawimbi, yanagonga ndege, mengine yanarudi. Umbo likilazwa kwa mahesabu, mawimbi hutupwa kando yasirudi yalikotoka, na mipako maalumu hufyonza sehemu ya yanayobaki. Msingi wa mahesabu hayo aliuweka Mrusi, Pyotr Ufimtsev, katika kazi iliyochapishwa Moscow mwaka 1962 bila kufanywa siri. Wahandisi wa kampuni ya Lockheed ya Marekani waliisoma, wakaitumia, na mwaka 1981 ndege ya kukwepa rada ya F-117 ikaruka kwa mara ya kwanza.

Lakini kanuni ya rada haina huruma. Umbali wa kuiona ndege hufuata kipeuo cha nne cha ukubwa wa mwangwi wake. Chukua rada inayoiona ndege ya zamani, yenye mwangwi wa mita 10 za mraba, ikiwa kilomita 400. Punguza mwangwi huo mara 10,000, kazi ya mabilioni ya dola, na umbali unapungua mara 10 tu: kilomita 40. Shuka mpaka kwenye gololi yenyewe, mara 100,000, na rada ileile bado itaiona ikiwa kilomita 22 hivi.

Wala si kitu kidogo hicho. Ndege inayokwenda kilomita 1,000 kwa saa humaliza kilomita 400 kwa dakika 24. Kilomita 40 inazimaliza kwa dakika mbili na nusu hata hazijatimia. Ndani ya dakika hizo, aliyekaa mbele ya kioo cha rada anatakiwa aitambue alama, aulize kama ni ndege ya kwao, apewe ruhusa, na afyatue. Mabilioni yale yamenunua dakika ishirini na ushee, na vitani muda huo ni roho za watu. Ila anayeuziwa muda asidhani ameuziwa kutoweka.

Waliodhani hivyo walijibiwa Machi 27, 1999, karibu na kijiji cha Buđanovci, Serbia. NATO ilipokuwa ikiishambulia Yugoslavia, F-117 ilidunguliwa kwa S-125, mtambo wa makombora wa Kisovieti ulioanza kazi mwaka 1961. Kamanda wa kikosi, Zoltán Dani, hakuwa na silaha ya ajabu. Alikuwa na rada kuukuu aina ya P-18, ya mawimbi marefu, na wimbi linalokaribiana kwa urefu na mkia wa ndege halijali sana hila za umbo. Rada hiyo haina usahihi wa kuongoza kombora, lakini ilimwonyesha pa kutazama. Rada ya kulengea aliiwasha kwa sekunde chache, akaizima, akaiwasha tena, ili makombora ya NATO yanayofuata miale ya rada yasimfikie. Kikosi chake hakikukaa mahali pamoja. Na ndege za Marekani zilikuwa zikipita njia zilezile usiku baada ya usiku, maana rubani aliyeambiwa haonekani ana sababu gani ya kubadili njia? Rubani wa usiku ule, Dale Zelko, aliruka salama akaokolewa. Dani alistaafu akawa mwoka mikate, na miaka mingi baadaye wawili hao wakawa marafiki.

Mashabiki wana jibu tayari: F-117 ilikuwa ya kizazi cha kwanza. Ni kweli, na utetezi huo unaangusha hoja yao. F-117 haikubeba rada kabisa. F-35 ina rada ya APG-81 na kamera sita za joto zilizozunguka mwili mzima, picha zake zikiingia kwenye kofia ya rubani, kiasi kwamba akiinama anatazama ardhi kupitia sakafu ya ndege. Kilichoruka vizazi hapa ni macho zaidi kuliko ngozi. Hata ile F-22 ya gololi, mfalme wa majedwali, iliingia kazini mwaka 2005 bila kihisi cha kusaka joto la adui angani, wakati Su-27 ya Urusi ilikuwa nacho tangu miaka ya 1980. Su-57 inachekwa kwa tufe lake la kioo mbele ya rubani, eti linaongeza mwangwi. Ndiyo, linaongeza. Tufe hilo hilo linaona joto la injini na la ngozi iliyosuguliwa na hewa, bila kurusha wimbi hata moja la kulifichua. Rada ikiwashwa, mwenye sikio anaweza kujua ulipo.

Kuna kambi nyingine, ya wanaoapa kwamba mitambo ya Urusi inaona kila kitu na ndege hizi ni mbwembwe tupu. Nao wapumzike. Juni 2025, ndege saba za Marekani za kukwepa rada, B-2, zilidondosha mabomu 14 mazito nchini Iran na zote zikarudi. Lakini hazikwenda peke yake. Zaidi ya ndege 125 zilishiriki, B-2 nyingine zilipelekwa magharibi juu ya Pasifiki kama chambo, na Israeli ilikuwa imekwisha kuvunjavunja ulinzi wa anga wa Iran kwa siku kadhaa. Na ukisikia rada ya fulani imeikamata F-35 kwenye maonyesho ya ndege, kumbuka kwamba wakati wa amani ndege hizo mara nyingi hufungwa viakisi vya makusudi vinavyokuza mwangwi, waongozaji wa ndege wazione na wapelelezi wasipate kipimo halisi.

Mwezi mmoja kabla, Mei 2025, India na Pakistan zilipigana angani, na hakuna upande uliokuwa na ndege ya kukwepa rada. Pakistan ilirusha J-10C za China zenye makombora ya PL-15. India ilikuwa na Rafale za Ufaransa. Mkuu wa majeshi ya India, Jenerali Anil Chauhan, alikiri baadaye kwamba walipoteza ndege, bila kutaja idadi. Maofisa wa Pakistan wanasema siri yao ilikuwa kuunganisha rada za ardhini, ndege za rada na marubani, hata mrushaji aweze kunyamazisha rada yake na kupiga kwa macho ya mwenzake. Ukweli wote wa mapigano yale bado unagombaniwa. Ila tafuta safu ya "macho ya mwenzake" kwenye jedwali lako.

Hata Washington haiiamini hadithi inayoiuza. Julai 2019 iliitoa Uturuki kwenye mpango wa F-35, nchi iliyokuwa ikitengeneza vipande vya ndege hiyo na kupanga kununua 100. Kosa lake lilikuwa kununua S-400, mtambo wa Urusi wa kudungua ndege. Sababu ilitangazwa hadharani: mtambo huo ukikaa jirani na F-35, utajifunza siri zake. Wenye jedwali watueleze, rada ingejifunza nini kutoka kwa kitu isichokiona?