Kuvua na Watoto Bofa

Trauti, samaki wa mito baridi ambaye mayai yake yaliletwa Kenya kutoka Uskochi mwaka 1905, hawezi kuishi katika joto la Bofa, Kilifi. Walakini mzazi wa huko hana haja ya kuwaonea wivu watu wa milimani. Siku za bamvua, mwezi uandamapo au uwapo mpevu, maji hupwa sana, na watoto waweza kutupa mshipi miambani wakapata changu au tafi. Huyu tafi ana miiba yenye sumu. Yafaa mtu mzima ndiye amtoe katika ndoana. Tena maji yaanzapo kujaa humzunguka mvuvi kwa nyuma, yakajaza mkondo ulio baina ya mwamba na pwani. Baba angojaye mpaka chambo kiishe hurejea mtoto yu begani, maji ya kifua.