Ushindani Hauvunji Urafiki, Ujanja Ndio Unaouvunja



Watu wakisikia kwamba mafrateri wana ligi yao ya mpira wa kikapu ya kwenye daftari, hofu yao ya kwanza huwa ni ushindani. Wanaogopa kwamba tutataniana hadi tununiane, na kwamba mtu ataingia kanisani akiwa bado na hasira ya kufungwa. Nimeitunza ligi hiyo kwa misimu miwili, na ninaona hofu hiyo inalinda mlango ambao mwizi hapiti. Utani haujawahi kutugombanisha. Kilichotugombanisha ni mapatano ya kimya kimya, na ndani ya mapatano hayo hakuna neno hata moja lililokuwa la uongo.

Kwa asiyeujua mchezo wenyewe, ligi ya fantasi iko hivi. Kabla ya msimu wa NBA kuanza mwezi wa Oktoba, kila mmoja wetu huchagua kwa zamu wachezaji halisi wa ligi ile ya Marekani na kuunda timu yake. Mchezaji wako akifunga, akidaka ribaundi, akitoa pasi ya kikapu, akipora mpira au akizuia, wewe unaandikiwa alama. Katikati ya msimu mnaweza kubadilishana wachezaji mkielewana. Wengi hutumia programu za simu zinazohesabu kila kitu. Sisi tunatumia daftari na kundi la WhatsApp, maana tuko wanane tu. Wanne tuko hapa Kwai, na wanne ni rafiki zetu wa tangu sekondari ambao sasa wako Tanga, Arusha na Dar es Salaam. Sisi wa hapa tunapewa simu Jumapili baada ya chakula cha mchana na kuzirudisha kabla ya Masifu ya Jioni. Zawadi ya bingwa ni kreti moja ya soda, na hata hiyo tunainywa wote.

Nianze na utani, kwa sababu ndio unaosingiziwa. Tunaye mwenzetu mmoja, shabiki wa Lakers, ambaye hajawahi kuchagua mchezaji wa Boston Celtics hata kama ndiye bora aliyebaki. Anasema ni afadhali ashike mkia. Juni 2024 Boston walipochukua ubingwa wao wa 18 na kuwapita Lakers wenye 17, alichekwa mwezi mzima. Tulimwita "Kumi na Saba" bustanini, jikoni na kwenye foleni ya maji. Alikasirika kidogo, akajibu mapigo, na maisha yakaendelea. Alipougua, aliyemwita hivyo mara nyingi kuliko wote ndiye aliyekaa naye usiku.

Hilo si jambo geni kwetu Watanzania. Yanga ilianzishwa mwaka 1935 na Simba mwaka 1936, na mpaka leo tunaziita watani wa jadi. Neno hilo tumelitoa kwenye utani wa makabila, ambao una sheria zake. Mtani wako anaweza kukutukana msibani, akalala ndani ya kaburi na kudai alipwe ndipo atoke, lakini ndiye huyo huyo anayesaidia kuzika. Utani hufanyika hadharani. Kila mtu anajua nani yuko upande gani, na kila mtu anajua kwamba maneno yale ni mchezo. Mtani hakuvizii. Ndiyo maana ushindani wa wazi, ukiwa na kiasi, ni salama kuliko tunavyodhani. Mtakatifu Tomaso wa Akwino, akimfuata Aristotle, anafundisha kwamba kuna hata fadhila ya kucheza vizuri. Roho nayo huchoka na huhitaji kupumzika, na mtu asiyejua kucheza wala kuwaachia wengine wacheze ana kasoro.

Sasa nieleze yaliyotokea Februari 2025. Usiku wa kuamkia tarehe 2 mwezi huo, Dallas Mavericks waliushangaza ulimwengu wa kikapu kwa kumtoa Luka Dončić kwenda Lakers na kumpokea Anthony Davis. Mechi ya kwanza ya Davis akiwa na Dallas ilikuwa tarehe 8, dhidi ya Houston Rockets. Alifunga pointi 26, akadaka ribaundi 16, akatoa asisti 7 na kuzuia mitupo mitatu. Kisha katika robo ya tatu aliumia msuli wa kinena, akatoka, na hakucheza tena hadi Machi 24.

Davis alikuwa kwenye timu ya rafiki yetu mmoja wa Dar es Salaam. Jumapili asubuhi, sisi tukiwa kwenye Misa, alimwandikia frateri mwenzangu ujumbe binafsi. Alimtumia hesabu ya mechi ile, yaani 26, 16, 7 na 3, akasema yuko tayari kumtoa Davis kwa wachezaji wawili. Frateri alipewa simu mchana, akaona namba hizo, akakubali ndani ya dakika tano. Jioni mtu wa Arusha akaweka kwenye kundi habari ya kuumia, na nyaraka za mapatano zikaletwa kwangu kama mtunza daftari. Niliyafuta. Rafiki yetu wa Dar alijitoa kwenye kundi usiku ule, na hadi ninapoandika haya hajarudi.

Nataka kuzitendea haki hoja zake, maana alizieleza vizuri na wapo waliomuunga mkono.

Hoja ya kwanza: hakusema uongo. Ni kweli. Namba zote nne zilikuwa sahihi. Lakini Waswahili husema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Davis mzima mwenye namba zile asingehitaji kutembezwa Jumapili asubuhi. Namba zilikuwa za kweli, ila zilitumwa ili zifunike jambo lingine ambalo mtumaji alilijua. Ukweli ukitumika kama blanketi la kufunikia ukweli mwingine, unakuwa umefanya kazi ya uongo.

Hoja ya pili: habari zilikuwa wazi kwa kila mtu, kila mmoja ajitafutie. Hapa ndipo wanafalsafa wanatusaidia. Cicero, katika kitabu chake juu ya wajibu, anasimulia habari ya mfanyabiashara aliyefika na nafaka kisiwani Rodi kutoka Aleksandria wakati wa njaa. Anajua kwamba meli nyingine nyingi za nafaka ziko njiani. Je, awaambie wanunuzi, au anyamaze auze kwa bei ya juu? Cicero anaeleza jinsi wanafalsafa wawili wa Kistoa, Diogene wa Babeli na Antipatro, walivyogawanyika juu ya maswali ya namna hiyo, na mwisho yeye mwenyewe anaamua kwamba mfanyabiashara yule hakupaswa kuficha.

Mtakatifu Tomaso anaigusa habari hiyo hiyo katika Summa Theologiae, na kwa mshangao wa wengi yeye ni mpole zaidi. Anasema haki haimlazimishi mfanyabiashara yule kutangaza kwamba bei itashuka, kwa kuwa hilo ni jambo la baadaye, ingawa akilitangaza atakuwa na fadhila kubwa zaidi. Rafiki yetu angeweza kushikilia hapo hapo, isipokuwa kwamba Tomaso anatofautisha. Habari ya bei ya kesho ni kitu kimoja, na kasoro iliyomo ndani ya kitu kinachouzwa leo ni kitu kingine. Kasoro ikionekana kwa macho, kama farasi mwenye jicho moja, muuzaji anaweza kunyamaza, mradi apunguze bei inavyostahili. Ikiwa imefichika na inamletea mnunuzi hasara, lazima aiseme. Davis hakuwa nafaka ambayo bei yake ingeshuka wiki ijayo. Alikuwa farasi ambaye tayari anachechemea. Na kwa mtu ambaye simu yake ilikuwa kabatini tangu Jumapili iliyopita, kasoro ile ilikuwa imefichika, na muuzaji alijua hivyo. Habari iliyo wazi kwa dunia nzima inaweza kuwa imefungwa kwa mtu mmoja, na huyo mmoja ndiye aliyechaguliwa kutumiwa ujumbe.

Hoja ya tatu: NBA yenyewe ndivyo ilivyo, hakuna huruma. Hoja hii ndiyo dhaifu kuliko zote. Ni kweli kwamba kule mtu huhamishwa kama mzigo. Hasheem Thabeet wetu, aliyechaguliwa wa pili mwaka 2009 na Memphis Grizzlies, alipelekwa Houston mwaka 2011 na Portland mwaka 2012. Lakini hata timu hizo za mabilioni hubadilishana wachezaji kwa sharti la kupimwa afya. Wikiendi ile ile ya Davis, Lakers walivunja mapatano yao na Charlotte Hornets juu ya Mark Williams kwa sababu hakufaulu vipimo. Alirudi Charlotte, na wachezaji wa Lakers waliokwisha kutolewa wakarudi kwao. Watu wasiofahamiana, wenye mawakili na mikataba, wanaona ni halali kuvunja mapatano yenye kasoro iliyogundulika. Iweje marafiki wa miaka kumi wawe na kipimo cha chini kuliko wao?

Msomaji anaweza kuniuliza: frateri, mbona unamleta Mtakatifu Tomaso kwenye kreti ya soda? Namwomba atoke nje atazame barabara inayoshuka kwenda Lushoto mjini. Wilaya yetu inalisha miji kwa kabichi, karoti na viazi. Mkulima analima kwenye mteremko, anamwagilia, anabeba kichwani, na mwishoni anakutana na dalali mwenye simu anayejua bei ya leo asubuhi Dar es Salaam. Mkulima anajua bei ya wiki iliyopita. Hapo hapo linawekwa gunia la lumbesa, lenye kilemba kilichoshonewa juu, linalohesabiwa kuwa gunia moja ingawa sheria ya vipimo inalikataza. Mkulima analiona kwa macho yake, lakini mzigo unaharibika na gari linaondoka. Dalali naye atakwambia hakusema uongo, habari zipo wazi, na biashara ndivyo ilivyo. Ni hoja zile zile tatu, moja baada ya nyingine.

Sisi tunajiandaa kusimama mbele ya wakulima hao. Tutahubiri juu ya vipimo vya haki. Tutashika hesabu za parokia ambazo waumini wengi hawana namna ya kuzikagua, na tutajua mambo ya watu ambayo wao hawajui kwamba tunayajua. Padri karibu kila siku yuko mahali pa yule mwenye simu. Anayejizoesha akiwa na miaka 25 kufurahia kwamba mwenzake hana habari, hataacha mazoea hayo siku atakapopewa daraja. Tabia haiulizi kama kilichokuwa mezani ni soda au sadaka.

Aristotle aliona pia kwamba malalamiko mengi kati ya marafiki huzuka pale urafiki unapojengwa juu ya faida, kila mmoja akihesabu alichopata. Ligi ya fantasi ina hatari ndogo ya aina hiyo: inamfundisha mtu kutazama watu kama safu za namba. Kumtazama Davis hivyo kwa miezi sita pengine hakumdhuru Davis. Hatari inaanza siku jicho hilo linapohama kutoka kwa mchezaji kwenda kwa rafiki aliye upande wa pili wa mapatano, naye akawa mtu wa kupatiwa tu.

Sipendekezi ligi ifutwe, wala walezi watunyang'anye daftari. Kwa msimu ujao nimependekeza kanuni mbili. Kwanza, anayetoa mchezaji aseme anachokijua juu ya afya yake kabla hajasema lolote juu ya pointi zake. Pili, mapatano yote yaandikwe kwenye kundi, wote wakiwa na simu mkononi, na yasihesabiwe hadi jioni ya siku hiyo. Mali bila daftari huisha bila habari, na nadhani urafiki nao una daftari lake. Wapo wanaosema kanuni hizi zinapunguza utamu. Utamu wa kumshinda mwenzako akiwa macho unabaki wote. Unaoondoka ni ule wa kumshinda akiwa amelala.

Na Kumi na Saba aendelee kuitwa Kumi na Saba hadi Lakers watwae ubingwa mwingine. Timu ya ndugu yetu wa Dar hatujampa mtu mwingine. Ukurasa wake kwenye daftari uko wazi, na uteuzi ni Oktoba. Akirudi tutamtania sana, hadharani, mbele ya wote.