Njugu za Shangazi na Pretseli za Kantini

Muhula huu kantini ya chuo chetu ilibandika tangazo mlangoni: wachuuzi wa njugu, gonja na kabalagala wasionekane tena ndani ya uzio. Sababu iliyotolewa ni afya ya wanafunzi. Wiki haikupita, na pale palipokuwa na ungo wa njugu pakapangwa pakiti zinazong'aa za pretseli, zenye maandishi makubwa kwamba ni za ngano nzima. Kwa asiyezijua, pretseli ni donge la ngano lililosokotwa kama fundo, likaokwa mpaka likakauka na kunyunyiziwa chumvi. Asili yake ni Ujerumani na majirani zake. Mimi sina ugomvi na Wajerumani. Ugomvi wangu ni na hilo neno "afya".

Niseme mapema kwamba nina upande. Mmoja wa waliofukuzwa ni shangazi yangu wa Port Bell, ambaye huamka kabla ya adhana kukaanga njugu, na karo yangu ya mwaka wa kwanza ilitoka kwenye karai lake. Anayetaka mwandishi asiye na upande amtafute kwingine. Lakini hesabu haina shangazi, basi na tuifanye hesabu.

Sisi wanafunzi wa Kiswahili tungepaswa kuwa wa mwisho kudanganywa katika jambo hili, kwa sababu lugha yetu ina maneno yake tayari. Kuna kukoboa. Kuna pumba. Watanzania wanatofautisha sembe na dona, na mama wa Mwanza hahitaji mtaalamu wa lishe kumweleza kwamba dona imesagwa pamoja na ganda na kiini chake. Ngano ni vivyo hivyo. Punje ina pumba nje, kiini kidogo ndani, na katikati wanga mwingi mweupe. Nyuzinyuzi, madini ya chuma, magnesi na vitamini nyingi za kundi B zimo katika pumba na kiini. Kinu kikikoboa, hivyo viwili huondoka. Pumba huuzwa kwa wafugaji, ng'ombe wakafaidi. Baadaye kiwanda hurudisha pumba kidogo katika unga mweupe, na sisi tunalipa mara ya pili kwa kile tulichokwisha kuwapa ng'ombe.

Nilinunua pakiti moja nikaigeuza. Vyakula vilivyofungwa huorodheshwa viungo vyake kwa uzito, kinachozidi kikitangulia. Cha kwanza kilikuwa unga wa ngano, basi, bila sifa yoyote. Mafuta yakafuata. Unga wa ngano nzima ulikuwa wa tatu. Sikudanganywa kwa uongo. Nilidanganywa kwa ukubwa wa herufi.

Wenzangu wakaniambia, "Lakini tazama rangi yake!" Haya, tuitazame. Kabla ya kuokwa, pretseli huchovywa au kunyunyiziwa maji ya magadi makali, na hayo, yakikutana na moto, ndiyo yanayoipa ngozi ile ya kahawia inayometa. Pretseli ya unga mweupe kabisa hutoka na rangi hiyohiyo. Ukitaka kujua kilichomo kwa kutazama rangi, ni sawa na kukisia alama za mtihani kwa kutazama viatu vya mtahiniwa.

Tuseme basi imepatikana ile ya kweli, iliyotengenezwa yote kwa ngano isiyokobolewa. Gramu 100 zake zina protini gramu 11 hivi na nyuzinyuzi karibu gramu 8. Si mbaya hata kidogo, na ni bora mara mbili kuliko ile nyeupe kwa upande wa nyuzinyuzi. Njugu za shangazi, kwa uzito huohuo, zina nyuzinyuzi gramu 8 hivi pia, na protini gramu 25. Chumvi nayo: pretseli ya kawaida iliyonyunyiziwa chumvi huweza kuwa na gramu 3 za chumvi katika kila gramu 100, ilhali Shirika la Afya Duniani linamtaka mtu mzima asifikishe gramu 5 kwa siku nzima. Ukimaliza pakiti kubwa wakati wa kusoma usiku, umebakiza chumvi ya kutia kwenye mchuzi kidogo tu.

Na bei? Kwetu pakiti ni shilingi 3,000. Kifuko cha njugu ni 500.

Kuna mambo mawili ambayo upande wangu haupendi kuyasikia, nami nitayataja. Njugu karibu nusu yake ni mafuta. Mafuta mazuri, ndiyo, lakini atakayekula ungo mzima kila siku nguo zitamsema. La pili ni zito zaidi. Njugu zisipokaushwa vizuri huota kuvu, na kuvu hiyo huacha sumukuvu, ambayo hudhuru ini na haiishi yote kwa kukaangwa. Nilipomuuliza shangazi, hakukasirika. Alimimina kikapu mezani akanionyesha: iliyokunjamana, iliyobadilika rangi, yenye unga wa kijani, zote anatupa. "Mwanangu," akasema, "ninayemuuzia leo nataka anirudie kesho." Kuchambua kwa macho hakutoshi, najua. Lakini kama kantini iliogopa sumukuvu, ingesema sumukuvu. Tangazo halikuitaja. Lilitaja "mazingira nadhifu".

Mwalimu mmoja ninayemheshimu aliniambia kwamba pakiti angalau imefungwa, haina vumbi. Kweli, Mwalimu. Lakini vumbi huondolewa kwa kifuniko na meza, na ndicho ambacho wachuuzi waliomba miaka yote. Usafi ni jambo moja na lishe ni jingine. Kantini imechukua la kwanza ikatuuzia kama la pili.

Ukishuka Port Bell utaona jinsi tulivyogeuza mambo. Mukene, wale samaki wadogo ambao Wakenya huwaita omena na Watanzania dagaa, huanikwa pwani ya ziwa wakiwa na protini na kalsiamu ambazo hakuna pretseli inayozifikia, kisha sehemu kubwa husagwa kuwa chakula cha kuku. Ngano, ambayo Uganda huagiza nyingi yake kutoka nje, huvuka bahari ili ije kutulisha sisi. Kuku wa Luzira wanakula vizuri kuliko mwanafunzi wa mwaka wa pili.

Sasa shangazi anauza ng'ambo ya barabara, nje ya lango, na wanafunzi wanavuka katikati ya bodaboda kumfuata. Kamati ya kantini inakutana Ijumaa ijayo. Nitakwenda na pakiti moja na kifuko kimoja, nitaomba meza yenye kifuniko kwa kila mchuuzi aliyefukuzwa, na nitamwomba mwenyekiti asome kwa sauti kiungo cha kwanza.