Picha za wateja katika kishikwambi zahitaji idhini

MPIGA picha wa harusi anayesaka wateja habebi tena albamu nzito. Tangu Apple ilipoanza kuuza iPad mnamo Aprili 2010, kazi zake zote zaweza kutoshea katika kishikwambi, au tableti kama wengi wanavyokiita. Kifaa hicho hicho humwandikia ankara na kumpokelea barua pepe. Jioni watoto hukichezea.

Hatari imo humo. Albamu ilikuwa na picha teule. Kwenye kishikwambi, kidole kikiteleza kidogo tu, mgeni ataona hata zile ambazo bibi harusi hakutaka zionekane.

Sheria ya Kulinda Data ya 2019 yataka idhini ya wazi kabla ya data ya mtu kutumiwa kibiashara, na sura yake ni data. Mnamo Septemba 2023, Kamishna wa Data aliitoza shule moja Sh4.55 milioni kwa kuchapisha picha za watoto bila idhini ya wazazi, na kilabu kimoja Sh1.85 milioni kwa kuweka mtandaoni picha ya mteja.

Mpiga picha atajitetea kwamba yeye hachapishi, humwonyesha tu mteja mezani. Utetezi huo ni dhaifu: anaonyesha ili apate kazi. Mikataba niliyowahi kuisoma hutaja bei, saa na idadi ya picha. Kuhusu idhini, kimya.