Mgeni wa Mafuriko: Siku ya Nne ni ya Nani?

Wahenga wetu walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Sisi watu wa pwani tumelelewa na msemo huu, na aghalabu huutaja kwa kicheko. Lakini mwishoni mwa Mei 2024 nilimkuta Garissa mgeni ambaye msemo huo haumhusu kabisa. Jembe alikuwa nalo. Alikimbia nalo begani. Shamba ndilo lililobaki chini ya maji.

Nilikuwa nimekwenda kumzuru sahibu yangu wa tangu utotoni, baada ya njia kupitika tena. Yeye nami tulikaa mkeka mmoja chuoni, tukasomea juzuu moja na kuonja bakora moja. Baadaye alimfuata baba yake Garissa, akarithi duka dogo la nguo, akaoa huko. Nilipobisha hodi nilikuta viatu vimejaa mlangoni, nikadhani kuna khitma. Kumbe ni nyumba mbili zimekuwa moja. Mkulima wa kando ya Mto Tana, mkewe, mama mkwe wake na watoto sita walikuwa wamehamia pale, na mwezi ulikaribia kutimia. Watu wale wawili walijuana kwa zaidi ya miaka ishirini. Mmoja alileta maembe na ndizi, mwingine akakopesha nguo za Idi, na daftari halikuandikwa hata siku moja.

Msomaji asiyeufahamu Mto Tana aweza kushangaa: Garissa ni nchi kavu, mafuriko yanatoka wapi? Jibu ni kwamba mto huu huleta maji ya mvua iliyonyesha kwa wengine. Unaanzia kwenye milima ya Aberdare na Mlima Kenya, unapita katika mabwawa matano ya umeme, Masinga, Kamburu, Gitaru, Kindaruma na Kiambere, ndipo ushuke Garissa, Hola na Garsen hadi kumwaga baharini Kipini. Masinga, lililo kubwa kuliko yote, lilifunguliwa mwaka 1981. Likijaa pomoni, maji hupita juu yake na hakuna mja wa kuyazuia. Hivyo mtu wa Garissa aweza kutazama mbingu nyeupe isiyo na wingu, na huku mto unamwingilia chumbani.

Wala jambo hili si geni. Wazee wanakumbuka mvua za mwaka 1961. Waliofuatia wanakumbuka El Niño ya 1997 na 1998, iliyoleta na homa ya Bonde la Ufa ikaua watu na mifugo. Mwaka 2018 mto ulitoka tena. Kisha, baada ya ukame mkali uliomaliza mifugo tangu 2020, mvua za Novemba 2023 zikaikata barabara ya Nairobi pale Madogo, na miezi michache tu baadaye zikaja za Aprili na Mei 2024. Tarehe 9 Aprili, siku ya mwisho ya Ramadhani, basi lilichukuliwa na maji huko Tula. Kwa rehema ya Mola abiria zaidi ya 50 waliokolewa. Jumapili ya tarehe 28 Aprili mashua iliyokuwa ikivusha watu karibu na Madogo ilipinduka. Watu 23 waliokolewa, na wengine wakafa maji. Mwenyezi Mungu awarehemu.

Mambo hayo yaliandikwa magazetini, na ilistahili. Yasiyoandikwa ni yale yaliyotokea baada ya maji kutulia, ndani ya nyumba za watu.

Maafa yakitokea hapa kwetu, tunahesabu mahema. Aliye chini ya turubai anaonekana. Anapigwa picha, anaandikwa jina, anapewa unga na blanketi. Lakini wengi hukimbilia kwa jamaa na marafiki, na mtu aliye chini ya bati la rafiki yake haonekani. Mkulima yule aliniambia walipita waandikishaji wa misaada, naye akawakimbilia kutaja jina lake. Akaambiwa, "Wewe una pa kulala." Tangu siku hiyo ikawa kama kwamba hakufurikiwa.

Basi mzigo uliangukia wapi? Uliangukia kwenye sufuria moja. Chakula cha watu watano sasa kinaliwa na watu kumi na wanne. Na barabara ilipokatika, bidhaa zilipanda bei, kwa kuwa Garissa hutegemea malori. Mwenye kuijua hesabu hii hasa si sahibu yangu, ni mkewe. Yeye ndiye anayeamka kabla ya alfajiri kuchota maji ya watu wengi, na yeye ndiye anayekula mwisho.

Usiku mmoja, baada ya sala ya isha, nilimuuliza sahibu yangu kwa sauti ya chini: "Ndugu yangu, duka linahimili?"

"Deni ninalo," akasema. "Lakini si deni linaloninyima usingizi. Naogopa siku mgeni wangu atakaponikuta nimekunja uso."

Kesho yake nilitembea na mgeni mwenyewe hadi ukingoni. Akanionyesha lilipokuwa shamba lake. Ncha za migomba tu ndizo zilizoonekana. Aliniambia kila siku hutoka mapema akazunguka sokoni hadi jioni, kusudi chakula cha mchana kiliwe asiwepo. "Hapana aliyenisema," akaniambia. "Lakini chakula cha watu kina mwiba, Mwalimu."

Hapo ndipo nilipolikumbuka fundisho la Mtume wetu, rehema na amani zimshukie, kwamba ukarimu kwa mgeni ni siku tatu, na kinachozidi hapo ni sadaka. Tena mgeni amekatazwa kukaa hadi akamtia mwenyeji wake dhiki. Wengi tunalichukua fundisho hili kama ruhusa ya kumtoa mgeni. Mimi naliona kwa upande wa pili. Ikiwa siku tatu ni haki juu ya mwenye nyumba, na zaidi ya hapo ni sadaka, basi sadaka si kazi ya mtu mmoja. Siku ya nne ni yetu sote.

Hilo si gumu kulitenda. Kamati za misikiti zinajua nani amelala kwa nani. Ziandike majina hayo, ziyapeleke kwa chifu na kwa wagawaji misaada, na fungu la mgeni lifike kwenye nyumba iliyompokea. Fedha siku hizi hutumwa kwa simu kwa dakika moja. Na katika mafungu manane ya zaka wamo wenye madeni. Wanavyuoni ndio wenye kauli, lakini mtu aliyeingia deni kwa kumstiri mwenziwe anastahili kufikiriwa.

Serikali nayo ina lake. Tangazo la mto kujaa humwambia mtu ahame, ila halimwambii ahamie wapi. Watu hurudi ukingoni kwa kuwa ndipo penye maji na udongo wa kulima. Hawarudi kwa ujinga. Wapewe viwanja vya juu vya kujenga, na mashamba yabaki chini. Na mabishano ya mpaka kati ya Garissa na Tana River yasiwe sababu ya kumwacha mtu wa Madogo au Mororo bila mwenye kumuuliza hali. Maji yalipokuja hayakuuliza mtu ni wa ng'ambo ipi.

Tuna mfano ulio bora zaidi. Muhajirina walipofika Madina, Saad bin Rabi'i alitaka kumpa Abdurrahman bin Auf nusu ya mali yake. Abdurrahman alimwombea baraka, kisha akamwomba jambo moja tu: amwonyeshe soko liko wapi. Kila nikiisoma habari hii namwona mkulima wa Tana. Hataki nusu ya duka la rafiki yake. Anataka mbegu, mashine ya kupandishia maji, na muda wa kurudi shambani akiwa na uso wake.

Nilipoaga, jembe lilikuwa limeegemezwa pale pale nyuma ya mlango. Watoto wa nyumba zote mbili walikuwa wakizoea chuo kimoja, na asiyewajua hangeweza kubainisha yupi ni wa mwenyeji na yupi ni wa mgeni. Rafiki ameshafanya lake. Lililosalia ni letu.